Tenderloin: sarara ya polisi wa New York

Tenderloin ni sarara, ile nyama laini ya mgongoni ambayo mwenye bucha humfichia mteja wake wa siku zote. New York ya karne ya 19 ilikuwa na mtaa mzima wenye jina hilo: eneo la Manhattan, kandokando ya barabara ya Broadway, lililojaa mabaa, madanguro na nyumba za kamari.

Anayetajwa kulianzisha jina hilo ni Kapteni Alexander Williams, polisi aliyesifika kwa kirungu chake. Mwaka 1876 alipohamishiwa huko alitania kwamba tangu aanze kazi amekuwa akila nyama ya shingo, sasa ataonja sarara. Kila mtu alielewa. Wenye madanguro na kamari walitoa chao kila mwezi ili wasivamiwe. Askari kanzu alipita kukusanya, kapteni akakata fungu lake, lililobaki likapanda juu.

Juu huko ni kwa nani? Hapo ndipo siasa zinapoingia. Vyeo vya polisi viligawiwa na Tammany Hall, kundi la chama cha Democratic lililoushika mji, na kugawa huko kulikuwa kuuza. Mwaka 1894, mbele ya kamati ya seneti ya jimbo iliyoongozwa na Clarence Lexow, Kapteni Timothy Creeden alikiri kwamba ukapteni wake ulimgharimu dola 15,000. Mshahara wa kapteni ulikuwa dola 2,750 kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe: mtu hanunui kazi kwa mshahara wa miaka mitano na ushei halafu akategemea mshahara.

Williams naye alipobanwa aeleze utajiri wake, alijibu kuwa aliupata kwa biashara ya viwanja. Viwanja vyenyewe viko wapi? Japani! Mwaka 1895, bodi mpya ya polisi chini ya Theodore Roosevelt ikamstaafisha.

Lakini Tammany ilishinda tena uchaguzi wa 1897, na mwaka uliofuata William Devery, aliyewahi kufukuzwa kazi kisha akarudishwa na mahakama, akawa mkuu wa polisi wa jiji. Mwaka 1901 bunge la jimbo likafuta cheo chenyewe ili aondoke. Kamishna mpya wa polisi akamrudisha kama naibu wake. Miaka miwili baadaye, yeye na tajiri wa kamari Frank Farrell walinunua timu ya besiboli kwa dola 18,000. Ndiyo Yankees ya leo.