Je, wajua kwa nini leseni ya programu huria ina namba ya toleo?

Fungua faili lolote la maktaba ya programu huria, yaani mkusanyiko wa msimbo ulio tayari ambao programu nyingine huuazima, utazame mistari ya juu kabisa. Mara nyingi utakuta maelezo ya namna hii: unaruhusiwa kuibadilisha na kuisambaza maktaba hii kwa masharti ya leseni iitwayo LGPL, toleo la 2.1, au, ukipenda, toleo lolote la baadaye. Wengi huiruka mistari hiyo wakakimbilia msimbo. Nakusihi uisome, kwa sababu maneno hayo machache ya mwisho ndiyo yanayoamua kama maktaba hiyo itakaa nyumba moja na programu yako.

Kuna namba mbili hapa, na watu huzichanganya. Maktaba ina toleo lake, nayo leseni ina toleo lake. Maktaba inaweza kutoka toleo la 4 hadi la 6 na leseni isiguswe, au leseni ikabadilika kati ya matoleo mawili yanayokaribiana sana.

Leseni yenyewe hubadilishwa kwa kuwa ni maandishi ya kisheria, na dunia huzua mambo ambayo mwandishi hakuyatazamia. Richard Stallman, mwanzilishi wa shirika la Free Software Foundation, alitoa mwaka 1989 toleo la kwanza la GPL, leseni inayomtaka anayesambaza programu atoe pia msimbo wake, na ya pili Juni 1991, pamoja na LGPL, nduguye mwenye masharti mepesi aliyekusudiwa hasa maktaba. Kisha kikaja kisanduku cha kurekodi vipindi vya televisheni kiitwacho TiVo. Ndani yake ilikuwamo Linux, mfumo endeshi ulio chini ya GPL ya pili, na kampuni ilitoa msimbo wake kama GPL ya pili inavyodai. Lakini ukiubadilisha msimbo huo na kuurudisha kisandukuni, kifaa kilikagua sahihi ya kidijitali, kikaona si ya kampuni, kikakataa kuuendesha. Uhuru ulikuwepo kwenye karatasi, mikononi haukuwepo. GPL ya 3, iliyotoka 29 Juni 2007, iliziba mwanya huo kwa vifaa vya matumizi ya nyumbani, ikaongeza na masharti kuhusu hataza, yaani haki za kipekee za uvumbuzi.

Fundo liko hapo. GPL ya 2 inasema ukisambaza kazi nzima usiwaongezee watu sharti lolote zaidi. GPL ya 3 ina masharti zaidi. Ukiunganisha msimbo ulio chini ya toleo la 2 pekee na ule wa toleo la 3, kila leseni inataka kazi nzima ifuate masharti yake. Zote ni huria, zimetoka kwa shirika moja, lakini huwezi kusambaza mchanganyiko huo.

Chukua GMP, maktaba ya kukokotoa namba kubwa mno, zile zinazotumika katika usimbaji fiche. Toleo lake la 4.2.1 lilikuwa chini ya LGPL 2.1 au ya baadaye. Mwaka 2007, toleo la 4.2.2 likahamia LGPL ya 3, iliyojengwa juu ya GPL ya 3. Ghafla programu zilizokuwa chini ya GPL ya 2 pekee zikajikuta nje ya mlango. Mwaka 2011 GnuTLS, maktaba ya kulinda mawasiliano ya intaneti, nayo ikahamia LGPL ya 3. Miaka miwili baadaye wenyewe wakairudisha kwenye 2.1, lakini haikutosha, maana GnuTLS hutegemea Nettle, na Nettle hutegemea GMP. Mnyororo mzima ulishikwa na pete ya mwisho. Ulilegea mwaka 2014, GMP 6 ilipotoka na leseni mbili kwa pamoja, LGPL ya 3 na GPL ya 2, mtumiaji achague. Kwangu mimi hilo ndilo funzo kubwa kuliko yote: kagua hata maktaba ambazo hukuziita mwenyewe.

Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, imebaki kwenye GPL ya 2 pekee. Linus Torvalds, muasisi wake, hakukubaliana na sharti lile la vifaa, na isitoshe hakimiliki ya kerneli imetawanyika kwa maelfu ya watu. Leseni nyingine huria, MIT, haina hesabu hizi za matoleo. Leseni ya Apache 2.0 ya mwaka 2004 hupatana na GPL ya 3 lakini si na ya 2 pekee, kwa ajili ya vipengele vyake vya hataza.

Siku hizi miradi mingi huandika lebo fupi. GPL-2.0-only maana yake toleo hilo tu, na GPL-2.0-or-later maana yake hilo au la baadaye. Na kama mwandishi ametaja GPL bila namba yoyote, leseni yenyewe inakuruhusu uchague toleo lolote lililowahi kutolewa.

Leseni mpya haifuti ruhusa ya zamani. Nakala ya GMP 4.2.1 ingali chini ya masharti yale yale iliyotoka nayo, na aliyenayo anaweza kuitumia hivyo hadi leo.