Theodore I wa Morea: hesabu ya mtawala aliyeuza mji wake mkuu

Theodore I Palaiologos anakumbukwa zaidi kwa kuuza Mystras, mji wake mkuu, mwaka 1400. Kumwita msaliti kwa hilo ni kumwonea. Alikosea, lakini kosa lake halikuwa pale wengi wanapolitafuta.

Alikuwa mtoto wa Kaisari John V wa Bizanti, akafika Peloponnese, rasi ya kusini mwa Ugiriki iliyoitwa pia Morea, mwaka 1383 akiwa na cheo cha despoti, yaani mtawala wa jimbo chini ya kaisari. Rasi yenyewe hakuitawala yote. Venisi ilishika bandari za Modon na Coron, mamluki wa Navarra walikuwa magharibi, na Korintho ilikuwa ya Nerio Acciaioli wa Florence. Hata makabaila wa Kigiriki waliokuwa chini yake hawakumtii. Ukoo wa Kantakouzenos ulikuwa umewatawala zaidi ya miaka 30, naye kwao alikuwa mgeni.

Akamwoa Bartolomea, binti ya Nerio. Mkwe alipofariki mwaka 1394, sehemu kubwa ya mali ilikwenda kwa binti mwingine, Francesca. Bartolomea aliambulia msamaha wa deni tu: dukati 9,700 alizokuwa akidaiwa mumewe. Theodore hakukubali, akaizingira Korintho mpaka akaipata.

Mgogoro wa Argos ndio unaoonyesha vizuri alivyobanwa. Mwishoni mwa 1388 aliuteka mji huo wakati Venisi inaununua, pamoja na Nauplia, kutoka kwa mjane Marie d'Enghien, kwa dukati 500 kila mwaka kwake na warithi wake, na nyingine 200 maadamu yu hai. Venisi ilimjibu kwa biashara: ikapiga marufuku chuma na majembe ya plau kupelekwa katika nchi ya Theodore, ikakataa na tini na zabibu kavu kutoka huko. Pigo hilo lilimwangukia mkulima moja kwa moja. Hata hivyo Theodore aliing'ang'ania Argos hadi 1394.

Uamuzi wake bora, kwa maoni yangu, ni kuwapokea Waalbania wapatao 10,000 waliofika kwenye shingo ya nchi ya Korintho na familia na mifugo yao. Washauri walipinga. Yeye aliona wakulima na askari kwa mashamba yaliyobaki mahame.

Mwaka 1397 majeshi ya Bayezid, sultani wa Waturuki wa Osmani, yaliingia katika rasi na kuiteka Argos. Hapo ndipo Theodore alipowauzia Korintho mashujaa wa Mtakatifu Yohane, shirika la Kikristo la kijeshi lenye makao katika kisiwa cha Rhodes. Hesabu ilikuwa sahihi: walikuwa na fedha na meli, na aliyeshika Korintho ndiye aliyelinda mlango wa rasi nzima.

Kuwauzia na Mystras bila kuwauliza wenyeji ndiko kulikoharibu mambo. Wajumbe wa mashujaa walipokuja kukabidhiwa, watu waliwatokea na mawe na marungu. Askofu ndiye aliyewaokoa, akawapa siku tatu waondoke. Theodore mwenyewe alipokelewa tena baada tu ya kuapa kwamba hatarudia.

Timur, mtawala mshindi wa Asia ya Kati, alipomshinda Bayezid Ankara mwaka 1402, tishio lilipungua, na kufikia 1404 mashujaa walirudisha ngome zote kwa malipo. Theodore alifariki 1407, akiwa amejifanya mtawa kwa jina la Theodoret. Ulinzi wa mlango ule ulibaki bila jibu hadi 1415, kaka yake Manuel II alipokuja kujenga ukuta wa Hexamilion kukatiza nchi kavu: minara 153, kwa siku 25.