Hedhi iliyokoma hairudi: maswali na majibu kuhusu saratani ya mfuko wa uzazi

Saratani hii ni ipi hasa?
Ni ile inayoanzia kwenye utando wa ndani wa mfuko wa uzazi, utando uleule unaobomoka na kutoka kila mwezi kama hedhi. Siyo saratani ya mlango wa kizazi.

Nina miaka 58. Hedhi ilikoma zamani, sasa naona damu kidogo. Si imerudi tu?
Hapana, mama. Hedhi ikishakata miezi 12 mfululizo imekoma, na hairudi. Damu ya baada ya hapo, hata tone moja kwenye chupi, hata majimaji mekundu hafifu, ni ya kupeleka hospitali wiki hii. Wengi wanaotoka damu hivyo hawana saratani. Karibu mmoja kati ya kumi anayo. Lakini kati ya wenye saratani hii, takriban tisa kati ya kumi hutokwa na damu isiyo ya kawaida. Ugonjwa umepiga hodi mapema, nasi hospitalini tunawapokea akina mama baada ya miezi minane ya mizizi ya "kusafisha kizazi" na vidonge vya kukata damu vya duka la dawa.

Ikikata yenyewe je?
Bado uende. Uvimbe hutoa damu, ukaacha, ukatoa tena. Damu kukata siyo kupona.

Nilipimwa kwa siki nikaambiwa niko salama.
Siki hupakwa kwenye mlango wa kizazi na huonyesha mabadiliko ya hapo tu. Utando uko juu zaidi. Wenyewe hupimwa unene kwa altrasaundi ya ukeni: kwa aliyekoma hedhi, usipozidi milimita 4 uwezekano wa saratani ni mdogo sana. Ukizidi, au damu ikiendelea hata kama utando ni mwembamba, kinyama, yaani kipande kidogo cha utando, huchukuliwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mlango wa kizazi. Ni dakika chache, na maumivu yake hufanana na ya tumbo la hedhi.

Kwa nini hatua ya ugonjwa haijulikani mpaka nipasuliwe?
Kwa sababu kinyama kinasema aina ya seli, hakisemi zimefika wapi. Saratani huchimba kwanza msuli wa mfuko. Chini ya nusu ya unene wake ni afadhali, nusu au zaidi hatari ya kusambaa hupanda. Pia hushuka kwenye mlango wa kizazi, hupita kwenye mirija na kumwagikia tumboni, hufuata tezi za limfu, na mwishowe damu huipeleka mapafuni. Ndiyo maana tangu 1988 hatua hupangwa kwa upasuaji: mfuko hutolewa pamoja na mlango wake, mirija na ovari zote mbili, tumbo lote hukaguliwa na tezi za nyonga huchukuliwa inapohitajika. Mfuko hutoka mzima. Ukikatwakatwa ndani ya tumbo, seli humwagika.

Hatua ya 1 imebaki ndani ya mfuko, ya 2 imeingia nyama ya mlango wa kizazi, ya 3 imefika kwenye ovari, uke au tezi za limfu, ya 4 imefika ndani ya kibofu au utumbo, au mbali zaidi. Mpangilio wa hatua wa 2023 huangalia pia aina ya seli.

Kizazi kilitolewa kwa ajili ya fibroidi. Nifanye nini?
Uliza kama kilipelekwa maabara ya patholojia, kisha dai majibu kwa maandishi. Kizazi kilichotupwa bila kupimwa hakiwezi kupangiwa hatua, na daktari wa saratani atabaki kukisia kama unahitaji mionzi.

Naona aibu kwenda nikitoka damu. Nisubiri ikauke?
Usisubiri. Vaa pedi, chukua tarehe ya damu ya kwanza na majina ya dawa zako zote, hasa tamoxifen kama uliwahi kutibiwa saratani ya titi, uende hivyohivyo damu ikitoka.