Mrudishieni bibi uteo wake

Mei 2020 serikali ilipoufunga Mji wa Kale hapa Mombasa, pamoja na Eastleigh kule Nairobi, kwa sababu ya korona, simu zilizonijia zilikuwa na maswali mawili tu: mzee ana homa? Mzee anakohoa? Mimi ni muuguzi wa wazee, na ndiyo maswali niliyofundishwa kuuliza. Ila hakuna aliyeuliza kama mzee amesemeshwa tangu asubuhi.

Asiyeijua mitaa yetu hudhani barazani watu hupiga soga tu na kunywa kahawa. Mzee asipoonekana pale alasiri mbili mfululizo, hutumwa mtoto akaangalie kulikoni. Hiyo ni huduma ya afya, tena ya bure, na ilikatika siku moja. Misikiti nayo ilifungwa. Hata nyumba za ibada zilipofunguliwa Julai, aliyepita miaka 58 hakuruhusiwa kuingia.

Watu huchanganya upweke na kuishi peke yako. Bibi mmoja niliyekuwa nikimwangalia aliishi na watu tisa. Chakula kiliwekwa mlangoni kwa sinia, mjukuu akabisha, akakimbia. Nia njema kabisa. Lakini walimpokonya hata mchele, na yeye ndiye aliyekuwa akiupeta na kuuchagua kila siku, huku akiwasimanga wakwe kwa zamu. Akaanza kurudisha sinia limejaa.

“Mwanangu,” aliniuliza, “mimi hapa naugua nini?”

Binti yake aliniambia mama ameanza kuchanganyikiwa, akiulizwa hili hujibu lile. Nilimpima masikio. Alikuwa mzito wa kusikia kwa miaka mingi, akisaidiwa na midomo ya msemaji bila mtu kujua. Barakoa zilipokuja, midomo ikafichwa. Simu ndiyo kabisa! Wangapi waliandikiwa “kusahau” mwaka ule kwa sababu hiyo?

Shirika la Afya Duniani lilishaanza, tangu Machi, kusema umbali wa kimwili badala ya umbali wa kijamii. Kwetu lililoshika ni “kaa mbali”.

Basi tukamtoa uani penye upepo, kiti chake hatua tatu kutoka kwa wengine, akarudishiwa uteo. Mchele utapikwa, hauna neno. Wakitaka kumwambia jambo, waliambiwa wasimame mbali zaidi, washushe barakoa, waseme taratibu.

Juma lililofuata nilimsikia tangu nje, akimgombeza mjukuu kwa kununua mchele uliojaa mawe.