Kufuma Mtwara: dhana potofu kuhusu uzi, rangi na mazingira yetu

"Kufuma ni kazi ya watu wa baridi." Hilo ndilo la kwanza utakaloambiwa ukionekana barazani Mtwara na sindano mbili na bonge la uzi. Waachie watu wa Makete na Lushoto, sisi jasho linatutosha. Ukweli ni kwamba joto linatokana na aina ya uzi na mshono. Pamba hunyonya jasho, na ukiifuma kwa sindano nene kitambaa kinaachia matundu, upepo unapita. Mtandio, kiblauzi cha mtoto, mkoba wa sokoni, vyote vinafaa huku. Na walioko Newala, juu uwandani, wanazijua asubuhi za Julai.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba mazingira yetu hayana cha kumpa mfumaji. "Bahari bluu, majani kijani, basi." Anayesema hivyo hajautazama mkorosho. Ufuatilie msimu mzima. Majani yanapochipua yana wekundu wa shaba. Yakikomaa yanakuwa kijani kizito. Maua ni madogo, yanafunguka yakiwa meupe, kisha yanaingia waridi. Gome ni la kijivu. Ikifika Oktoba mabibo yanaiva, mengine mekundu, mengine ya manjano, na chini ya kila bibo inaning'inia korosho yenyewe na ganda lake la kijivu.

Rangi hizo ni nyingi, lakini cha kujifunza zaidi hapo ni kiasi. Mti mzima ni kijani na kijivu. Nyekundu ni kidogo, ndiyo maana jicho linaikimbilia. Ukigawa nyekundu na kijani nusu kwa nusu, zitagombana, kisha utaulaumu uzi. Chukua kipande cha kadibodi, uzungushie nyuzi kwa kiasi ulichokiona mtini: kijani mizunguko 12, kijivu 5, nyekundu 1. Kiegemeze ukutani, urudi nyuma hatua kadhaa, ukitazame. Ni kazi ya dakika chache, na inakuepusha kufumua sweta zima.

"Rangi nzuri ni nzuri popote." Hapana. Michel Eugène Chevreul, mkemia aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, aliletewa malalamiko kwamba nyuzi zake nyeusi zimepooza. Akazilinganisha na nyeusi za viwanda vingine, akaziona hazina kasoro. Zilipoozeshwa na bluu na zambarau zilizopakana nazo. Kitabu chake juu ya jambo hilo kilitoka mwaka 1839. Wabunifu wa kanga nao wanalijua vizuri: pindo jeusi linaufanya mji mwekundu uwake. Kwa hiyo usichague uzi mmoja mmoja rafuni. Ziweke nyuzi pamoja, utoke nazo mlangoni kwenye mwanga wa jua, maana taa ya dukani inadanganya. Kisha zipige picha kwa simu na uifanye iwe nyeusi na nyeupe. Mbili zikitoka kijivu kimoja, ua lako halitaonekana kwa mbali, hata kama moja ni nyekundu na nyingine kijani.

Wengine huamini kwamba kuyachukua mazingira ni kufuma picha: samaki, mnazi, jahazi. Si vibaya, ila kwangu hiyo ndiyo njia finyu kuliko zote. Maji yakipwa ufukweni Msimbati, mchanga unabaki na matuta madogo yaliyolala sambamba. Hayo yanafumika kwa uzi wa rangi moja tu. Ukitazama upande wa mbele wa kitambaa, fuma mistari minne ya mshono wa kawaida (knit), kisha mitatu ya mshono wa kinyume (purl), urudie. Ile ya kinyume itajitokeza mbele kama tuta, na ya kawaida itazama. Ukiipanga mishono hiyo hiyo kwa safu za wima, mambo yanageuka: ya kawaida ndiyo inayojitokeza, kama magome yenye mifereji. Vidole vinauona mchanga kabla ya macho.

Kuna pia lile la "chemsha jani lolote, rangi itashika". Uzi wa akriliki, yaani wa plastiki, haushiki rangi za mimea. Sufu na pamba zinashika, lakini kwa mimea mingi ni mpaka uzi utangulie kulowekwa kwenye maji ya shabu (alum, madini yanayoshikisha rangi), na pamba inahitaji pia tanini, ule ukakasi wa magome na majani. Gome la mkoko lina tanini tele, ila mikoko inalindwa kisheria, usiibambue. Anza na maganda ya vitunguu maji. Maganda ya korosho usiyaguse kabisa kwa kazi hii, mafuta yake yanaunguza ngozi. Manjano ya jikoni hutoa rangi inayong'aa, lakini jua huifuta upesi, hivyo kabla ya kupaka uzi wote, paka kipande kidogo, ukifunike nusu kwa karatasi na ukiache dirishani wiki mbili.