Skeni inasukuma dawa? Hapana, ni vipovu

Jana kwenye takisi ya Ntinda, hapa Kampala, jamaa mmoja kaanza kuwaambia abiria eti siku hizi mashine ya skeni ya ultrasound, ile ya kuangalia mimba, inasukuma dawa mwilini bila sindano, na eti mionzi yake inachoma seli. Nikashindwa kunyamaza, mimi kazi yangu ya kila siku ni kupaka watu jeli tumboni na kuwapiga hiyo skeni.

Mionzi haipo. Eksirei ndo ina mionzi, skeni ni sauti tu, sikio la mtu linakomea mitetemo 20,000 kwa sekunde, ya kwetu inaenda mamilioni.

Sindano nayo unachomwa kama kawaida. Kwenye mshipa watafiti wanaingiza dawa na vipovu vya gesi vyenye ngozi nyembamba, mara nyingi ya mafuta, vingi vidogo kuliko chembe nyekundu ya damu. Unajua jeli ni ya nini? Sauti ikikutana na hewa inagonga inarudi, haipiti, ndo maana tunaifukuza hewa pale kwenye ngozi. Sasa ule ugomvi wa sauti na gesi ndo wanautumia huko ndani, kipovu kikipigwa kinavimba kinanywea, kinavimba kinanywea, na kama kimeegemea seli kinautikisa utando wake mpaka unatoboka katundu, dawa inapenya, halafu katundu kanaziba ndani ya sekunde au dakika chache. Wakizidisha nguvu seli inakufa kweli, hapo jamaa hakukosea sana.

Dada wa kiti cha nyuma akauliza, "Musawo (yaani daktari), si hewa kwenye damu inaua?" Hewa nyingi, ndiyo. Hivi ni vidogo mno, gesi yake unaitoa kwa pumzi, na madaktari wa moyo wamevitumia miaka mingi ili moyo uonekane vizuri kwenye skeni.

Kilichoniudhi zaidi ni yule jamaa kusema eti njia hii iko tayari kwenye kliniki zetu. Kule Bergen, Norway, waliijaribu kwa wagonjwa 10 wa saratani ya kongosho, na Toronto mwaka 2015 wakalegeza ukuta wa mishipa ya ubongo wa mgonjwa mwenye uvimbe ili dawa ipite. Bado ni mambo ya utafiti. Kwa hiyo mtu akikuambia skeni yake ya mimba itakusukumia dawa hadi kwenye ini kwa shilingi 200,000, mwambie kwanza akuonyeshe kichupa cha vipovu.