Picha ya Fundi Kazini: Mkono, Zana na Jina la Kazi

Katika picha ambazo watu wenye nia njema hutuletea makumbusho, aina moja hurudi mara kwa mara: fundi wa majahazi amesimama kando ya chombo alichokimaliza, tezo, zana ya kuchongea mbao, iko begani, anatabasamu. Ni picha inayopendeza, na familia yake ina haki ya kuithamini, lakini mtu atakayeitazama baada ya miaka 50 akitaka kujua taruma, yaani ubavu wa chombo, lilichongwaje hata likakaa sawasawa na ubao, hatapata humo jibu lolote. Baada ya miaka mingi ya kuhifadhi picha za ufundi wa pwani, ninaipima kila picha ya namna hii kwa swali moja: je, fundi mwingine akiitazama, atajifunza kitu?

Hasara ya kukosa picha zinazofundisha tunayo mbele yetu. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, na kuendeshwa kwa tanga la mkeka, ulitoweka katika bahari yetu katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwaka 2003 ulijengwa mtepe mpya Zanzibar, ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib, jumba la makumbusho ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Anayetaka kuuelewa ufundi ule leo hutegemea vielelezo vidogo, maandishi machache na picha za zamani, na picha ya chombo kilicho mbali baharini, hata iwe nzuri namna gani, haiwezi kuonyesha kamba ilivyopitishwa tunduni, ikavutwa na kukazwa.

Ujenzi wa vyombo vya mbao bado unaendelea hadharani Nungwi, kaskazini mwa Unguja, na pia Matondoni katika kisiwa cha Lamu, kwa hiyo nafasi ya kuuandika kwa kamera ipo. Anayekwenda huko aanze bila kamera mkononi. Apige hodi, amwamkie fundi mkuu kwa heshima ya umri wake, aeleze anatoka wapi, picha zitakaa wapi na nani ataziona, kisha akae atazame kazi kwa saa moja au mbili. Muda huo haupotei, maana ndipo anapojua kazi ina hatua gani na ni wapi pa kusimama asimzuie mtu wala asipigwe na kipande cha mti.

Mwanga wa ufukweni una hila yake. Mchanga mweupe hukidanganya kipimo cha mwanga cha kamera, nayo huipunguzia picha nuru, hata uso wa fundi mweusi ukatoka kama kivuli kisicho na macho. Dawa yake ni kupima mwanga usoni au mkononi mwa fundi badala ya mchangani, au kuongeza nuru kwa hatua moja na kukubali mchanga uwe mweupe kupita kiasi. Mimi hupendelea kufanya kazi hadi saa tatu asubuhi na tena kuanzia saa kumi jioni, kwa sababu jua la utosini hujaza vivuli chini ya nyusi na ndani ya viganja, mahali hasa tunapotaka kuona. Chini ya banda la makuti kuna mwanga mwororo unaotosha, na hapana haja ya kuwasha taa ya kamera karibu na mtu aliyeshika chuma chenye makali.

Mfano wa tezo unaeleza mengi. Fundi hukanyaga gogo, miguu imeachana, na kulichonga akielekeza makali kwake mwenyewe, akiondoa magamba membamba kwa kipimo ambacho jicho lake pekee ndilo linalokijua. Ukimpiga picha kutoka mbele utapata uso na jasho, lakini ukisimama ubavuni, ukachuchumaa hadi usawa wa magoti yake, utaona mshiko, pembe ya makali, unyayo na mti vyote pamoja. Kwa kasi ya 1/500 ya sekunde tezo husimama hewani na gamba likiruka. Kwa 1/30 tezo hugeuka kuwa ukungu huku unyayo ukibaki dhahiri. Chukua zote mbili, kwa kuwa ya kwanza huonyesha umbo la zana na ya pili huonyesha mwendo wake. Lenzi ya milimita 35 au 50 inatosha, tena hukulazimisha uwe karibu kiasi cha kuzungumza na unayempiga picha.

Keekee, zana ya kutobolea mbao inayozungushwa kwa uta, ina shida zaidi, kwa sababu picha moja haisemi kwamba mkono mmoja unasukuma na kuvuta uta huku mwingine ukiigandamiza zana juu ya ubao. Hapo nashauri video ya dakika moja bila kuhamisha kamera, pamoja na sauti yake. Vivyo hivyo kwa kalafati, kazi ya kuziba nyufa za chombo kwa pamba: mlio wa nyundo pamba inapoingizwa kati ya mbao hubadilika kadiri mwanya unavyojaa, na fundi hufanya kazi kwa sikio sawa na kwa jicho.

Pamoja na picha yaandikwe maneno siku hiyo hiyo. Tarehe na mahali kamera inaweza kuvitunza, lakini haijui majina ya sehemu za chombo kama hanamu na fashini, haijui mti umetoka wapi, haijui fundi alijifunza kwa nani. Andika neno analolitumia fundi mwenyewe, hata kama kamusi ina jingine, kwa kuwa fundi wa Lamu na wa Unguja huenda wasiite kitu kimoja kwa jina moja. Jina lake mwenyewe liandikwe akiridhia. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, lakini ridhaa ya fundi ilikuwa wajibu wetu hata kabla ya sheria hizo. Mchonga milango akikuomba usionyeshe nakshi ambayo bado hajaiuza, mtii. Hicho ndicho chakula cha watoto wake.

Kisha picha zirudi, zikiwa zimechapwa kwenye karatasi. Mwaka mmoja nilimrudishia mzee mmoja bahasha ya picha, mojawapo nikiwa nimeiandikia kwamba kijana wake anatia kalafati. Aliitazama kwa muda, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akasema, "Hapa hatii, anatoa. Hiyo pamba kuukuu, tazama ilivyo nyeusi." Nilimpa kalamu ya risasi, akalisahihisha neno langu nyuma ya picha kwa mkono wake, na picha hiyo tumeihifadhi hivyo hivyo, kosa langu na sahihisho lake vikiwa pamoja.